Sanduku la Fröbel na Vipande Vyake Nane

Sanduku lenyewe ni dogo, mtu mzima analibeba kwa kiganja. Ndani mna mchemraba wa mti wenye upana wa inchi 2 hivi, uliopasuliwa katikati kwa pande zake zote tatu ukatoa vipande 8 vilivyo sawa. Hauna rangi wala picha. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837 na kuiita bustani ya watoto mwaka 1840, aliita zana hii zawadi ya tatu. Ya kwanza ilikuwa mipira laini ya sufu yenye rangi sita, na ya pili tufe, mchemraba na mcheduara wa mti. Wengi humtaja Fröbel kwa falsafa yake, ambayo ni nzito, imejaa umoja wa Mungu na maumbile. Naiweka kando. Kilichodumu ni ufundi wake.

Tuanze na namna ya kulifungua. Vipande havikumwagwa mezani. Sanduku liligeuzwa kifudifudi, kifuniko kikavutwa kwa chini, kisha sanduku likainuliwa taratibu bila kuyumba. Mezani palibaki mchemraba mzima. Mtoto alikiona kitu kamili kabla ya kuziona sehemu zake. Somo likiisha alirudi alikotoka: aujenge mchemraba upya, sanduku lishuke juu yake, kifuniko kirudi mahali pake. Hapakuhitajika hotuba kuhusu sehemu. Mikono yake ilishajua kwamba nusu mbili, robo nne na thumni nane ni kitu kile kile, na kipande kimoja kikipotea sanduku lenyewe linamsuta.

Meza nayo ilikuwa na kazi yake. Juu yake palichorwa miraba ya inchi moja moja, sawasawa na ubavu wa kipande. Mtoto aliyesogeza kipande alijua kimesogea mraba mmoja au nusu ya mraba. Akiona jengo lake limependeza, angeweza kulirudia kesho. Likimkera, angeona ni wapi palipokwenda upande.

Kazi zenyewe alizigawa katika maumbo ya maisha, kama kiti, ngazi na kitanda. Maumbo ya elimu, yaani kugawa na kuhesabu. Na maumbo ya uzuri. Haya ya mwisho ndiyo somo la usanifu hasa. Vipande vinne hukaa katikati bila kuguswa, na vinne huzunguka pembeni. Kimoja kikisogezwa, vitatu vilivyobaki husogezwa vivyo hivyo, kila kimoja upande wake. Mara pambo linafanana na ua, mara na nyota, mara na kinu cha upepo. Mtoto wa miaka 5 hawezi kuchora nyota iliyolingana, kwa kuwa vidole vyake havijakomaa. Hapa ulinganifu haumdai vidole vya mchoraji, unamdai afuate kanuni hadi mwisho. Aliyekaa karibu na msusi wa mikeka anaijua hali hii: urembo hutoka kwenye hesabu ya miyaa, na mkono hufuata. Si ajabu kwamba miongoni mwa kazi nyingine alizoziweka Fröbel kulikuwa na kusuka vipande vya karatasi.

Kulikuwa na masharti mawili ambayo mimi nayaona ndiyo roho ya zana yote. La kwanza, vipande vyote vitumike. La pili, usibomoe ili kuanza upya, geuza kilichopo. Kiti kiwe ngazi kwa kuhamisha vipande viwili au vitatu. Masharti hayo yanaonekana makali kwa mtoto, lakini ndiyo yanayomfanya afikiri. Kipande kilichozidi hakitupwi pembeni, lazima kipewe sababu ya kuwapo. Katika chekechea nyingi nilizoziona, mtoto hupewa chungwa lililokwisha kuchorwa, akaambiwa alipake rangi bila kuvuka mstari. Mtu mwingine ameshamaliza kufikiri kwa niaba yake.

Wazo hili alilitoa wapi? Kabla ya shule ya watoto, Fröbel alifanya kazi Berlin chini ya Christian Samuel Weiss, mtaalamu wa madini, akipanga na kuchunguza fuwele. Fuwele hujijenga kwa kurudia mpangilio ule ule. Ukiziweka zawadi zake za mti kando ya fuwele, undugu unajionyesha wenyewe.

Prussia ilizipiga marufuku shule zake mwaka 1851 kwa tuhuma za siasa na kukana dini, na marufuku ikadumu hadi 1860. Mwenyewe alishafariki 1852. Walimu waliohama walizipeleka zawadi nje. Kwenye maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876 mama yake Frank Lloyd Wright aliziona, akamnunulia mwanawe. Wright, aliyekuja kuwa msanifu majengo mashuhuri wa Marekani, alizisifu hadi uzeeni. Tusivutwe mno na kisa hiki: alikuwa na miaka 9 hivi, umri wa chekechea ulishampita, na mtu mmoja si ushahidi.

Walioiharibu kazi ya Fröbel ni walimu waliozihifadhi hatua na kusahau shabaha. Mapambo yalichapishwa vitabuni kwa mfuatano, na somo likageuka imla: sogeza kipande cha kulia, sasa cha kushoto, mikono chini. Mwanasaikolojia G. Stanley Hall na wenzake huko Marekani wakalalamika kwamba kazi ndogo ndogo namna hii inawachosha watoto macho na vidole. Walikuwa na haki. Mwalimu wa chekechea Patty Smith Hill alileta vipande vikubwa vya kujengea sakafuni. Caroline Pratt, aliyeanzisha shule yake New York mwaka 1914, alitengeneza vya uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4 na kuwaachia watoto wajenge watakacho. Hesabu ya Fröbel ikabaki ndani ya mti, amri zikaondoka. Na sharti la kugeuza bila kubomoa likaondoka pamoja nazo, jambo ambalo Pratt, kwa maoni yangu, angeweza kulinusuru kwa swali moja la mwalimu aliyechuchumaa kando ya mnara: huu unaweza kuwa daraja bila kuangushwa?