Majani ya miombo juu ya keki

Septemba ikielekea ukingoni, mvua ikiwa bado haijadondosha hata tone, miombo ya kandokando ya barabara ya Mpanda kwenda Sitalike huchipua majani mekundu. Wengine wanasema mekundu, mimi nasema rangi ya shaba iliyochanganyika na chai ya mkandaa. Wiki chache tu, yanageuka kijani kama majani mengine. Mama mmoja wa Makanyagio, aliyeniagiza keki ya kumuaga binti yake, akaniambia: "Mwanangu, waridi za pinki nimezichoka. Niwekee ile rangi ya porini."

Rangi hiyo haipatikani kwa kukanda unga. Fondanti, ile sukari ya kukandwa ya kupambia keki, ukiichanganya na rangi nyekundu inakuwa nyekundu ya plastiki, sawasawa kila mahali, na jani la mwombo halina usawa: kingo zimeiva, katikati bado pana manjano. Kinachofanya kazi hapa ni poda kavu ya chakula, inayopakwa kwa brashi juu ya jani lililokwisha kuumbwa.

Nilianza na fondanti iliyotiwa unga kidogo wa CMC ili ikaze, nikaipa manjano hafifu ya kijani. Isiwe nyeupe, kwa sababu poda haifuniki kitu. Inakaa juu yake, na cha chini kinaonekana. Nikakata vijani vidogo, nikachora mishipa kwa kijiti cha meno, nikavilaza juu ya mikunjo ya karatasi ya foili vipinde kidogo.

Kisha kusubiri, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Jani bichi linainywa poda na kutoa madoa. Jani lililokauka kama chaki linaikataa, poda inateleza na kuanguka mezani. Linatakiwa lile la katikati: ukiligusa halinati, ukilikunja kidogo linatii. Oktoba ya Mpanda, hewa ikiwa kavu, nililifikia kwa saa chache tu. Februari, kwa mvua zetu, jani hilohilo lingelegea siku nzima na zaidi.

Brashi nayo ina adabu zake. Inaachia rangi nyingi pale inapogusa kwanza, kwa hiyo ianzie pale unapotaka pakolee. Nilichovya poda ya rangi ya tofali, nikaikung'uta kwenye tishu mpaka ikaonekana kama haina kitu, nikaanzia ukingoni nikivuta kuelekea mshipa. Kahawia ikafuata kwenye kikonyo tu. Ukianzia katikati unapata doa la duara, na hakuna dawa yake.

Mwisho, mvuke. Jani linapitishwa juu ya sufuria inayochemka kwa sekunde tatu au nne. Sukari ya juu inayeyuka kidogo, inaikamata poda, kisha inakauka tena. Ule unga unga unapotea, rangi inazama. Jani langu la kwanza nilililaza karibu mno na mfuniko, tone likadondoka, likaacha tundu jeupe kama jicho la samaki. Nililila.

Mama alitaka pia mng'ao wa dhahabu kwenye ncha. Poda nyingi za dhahabu hazina dhahabu hata chembe. Ni vipande vyembamba vya ulanga, madini yaleyale yaliyochimbwa milima ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani, vikavishwa utando wa titani dioksidi au oksidi ya chuma. Mwanga unagonga juu ya utando na chini yake, na unene wa utando ndio unaoamua kama jicho lione dhahabu au zambarau. Ili ipakike kama rangi ya maji, wengi wetu tunaichanganya na Konyagi, kwa kuwa kilevi huruka haraka. Lakini asilimia 35 tu ndiyo kilevi. Karibu yote iliyobaki ni maji, na maji yanakula sukari. Ndiyo maana tabaka liwe jembamba. Hii ilikuwa shughuli ya Waislamu, kwa hiyo nilipaka dhahabu kavu kabla ya mvuke. Haikung'aa sana, na nadhani ilikuwa bora hivyo.

Sasa chupa za poda zenyewe. Mwaka 2021, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha taarifa ya matukio mawili. Rhode Island mwaka 2018, watoto sita walitapika na kuharisha baada ya keki ya sikukuu ya kuzaliwa. Poda ya dhahabu ya waridi ilikuwa unga wa shaba. Missouri mwaka 2019, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na madini ya risasi mwilini. Poda ya manjano iliyopakwa kwenye maua ya keki ilikuwa na risasi robo nzima. Mpanda hatuhitaji kuelezwa risasi ni nini. Reli yetu ya kutoka Kaliua ililetwa huku kwa ajili ya mgodi wake.

Poda za namna hiyo huuzwa ndani ya chupa iliyoandikwa "haina sumu", na maneno hayo hayasemi kwamba inalika. Inayolika ina orodha ya viambato: oksidi za chuma huandikwa E172, ulanga E555. Nilikuwa na kichupa kimoja kizuri kuliko vyote, cha shaba hasa, hakina orodha. Sikukitumia. Muuzaji alinijibu kwamba ni pambo tu, nani atakula jani?

Jioni ya shughuli, keki haijakatwa, mjukuu wa miaka minne alikuwa amesimama nyuma ya meza, ulimi mwekundu, na tawi moja lilikuwa limebaki na vijani viwili.