Vipigio Vilivyonyamaza

Mwanaredio wa ridhaa akifariki dunia, wenzake humwingiza katika orodha ya vipigio vilivyonyamaza. Kabla ya jina lake huandikwa alama yake ya mwito, yaani zile herufi na tarakimu alizopewa pamoja na leseni, na baada yake huandikwa herufi mbili, SK. Kipigio ni kifaa kidogo cha shaba kilichokazwa juu ya ubao, chenye kirungu cha kushikia, ambacho mtu hukibonyeza kwa vidole ili kutuma nukta na mistari ya Morse. Nazo SK, zikipigwa kwa kuunganishwa, nukta tatu, mstari, nukta, mstari, ni alama ambayo wapiga Morse huitumia kila siku kufunga mazungumzo. Aliyeaga kwa alama hiyo maisha yake yote huagwa nayo siku ya mwisho.

Watu hawa huzungumza hewani bila malipo na bila biashara, na wengi wao hutumia mitambo waliyoiunda au kuitengeneza wenyewe. Wawili wanaweza kuzungumza kwa miaka 30, wakapashana habari za wajukuu, za goti linalouma na za mti ulioangukia antena, wasiwahi kuonana uso kwa uso. Kwa hiyo habari ya msiba mara nyingi hutanguliwa na ukimya. Saa ya miadi imefika, masafa yako wazi, anga linapitisha vizuri, lakini aliyezoea kujibu hajibu. Ni baadaye ndipo mjane au mtoto hufungua daftari la kituo, akaanza kuwatafuta waliomo.

Kinachokumbukwa kwanza kwa mpiga Morse ni mkono wake. Kanuni ya Morse ni moja duniani kote. Mstari una urefu wa nukta tatu, kati ya herufi na herufi kuna pumzi ya nukta tatu, na kati ya neno na neno pumzi ya nukta saba. Mwendo hupimwa kwa neno PARIS, ambalo pamoja na pumzi yake ya mwisho hutimiza vipimo 50 kamili. Mashine huifuata kanuni hiyo pasipo kukosea. Binadamu huipinda kidogo, na mkono wake hukaa katika kupinda huko. Yupo anayeuvuta mstari wa mwisho wa herufi Q mpaka msikilizaji adhani ametatizika. Yupo ambaye nukta zake ni nyepesi, zinapita zikigusa tu. Yupo anayebana pumzi zote afikapo kwenye alama yake mwenyewe, kwa kuwa ameipiga mara nyingi mno hata vidole vimeikariri na havimsubiri.

Vifaa navyo viliacha alama. Waliotumia kipigio cha pembeni kilichobuniwa na Mmarekani Horace Martin mwaka 1904, ambacho hutoa nukta zenyewe kwa ulimi wa chuma unaotetemeka huku mistari ikipigwa kwa kidole, walijulikana kwa nukta zinazokimbia na mistari inayoburuzika nyuma yake. Waliojifunza melini walikuwa na mwendo wa meli, na waliojifunza jeshini walinyoosha kila herufi. Msikilizaji mzoefu hakuhitaji kungoja alama ya mwito. Herufi mbili tatu zilimtosha, kama mwenyeji anavyomjua mgeni kwa hodi yake kabla hajachungulia mlangoni.

Vita Kuu ya Pili ilithibitisha kwamba mkono huo haukuwa hadithi ya wazee. Uingereza iliwakusanya wanaredio wa ridhaa zaidi ya elfu moja, ikawataka wasikilize majumbani mwao mawasiliano ya majasusi wa Ujerumani. Baada ya kazi zao za mchana walivaa visikizio, wakaandika kwa penseli makundi ya herufi yasiyo na maana kwao, na karatasi hizo zikaishia mikononi mwa wavunja siri wa Uingereza huko Bletchley Park. Kituo cha adui kilipobadili masafa na alama ya mwito ili kijifiche, wasikilizaji walikitambua tena kwa mkono wa mpigaji. Wengi wao waliitunza siri hiyo kwa miongo kadhaa, na wapo walioingia nayo kaburini, majirani wasijue kwamba sikio la mzee yule lilikuwa silaha.

Mkono hauachwi kwa urithi kama nyumba au shamba. Picha haiuonyeshi, na ni wachache waliofikiri kuurekodi wakati mwenyewe yu hai, kwa sababu alikuwepo kila jioni na ilionekana ataendelea kuwepo. Unabaki katika masikio ya waliomsikiliza. Nao wakiondoka, marehemu huondoka mara ya pili, na safari hii pasipo tangazo.

Utaratibu wa kuaga hewani nao una ustadi wake. Vilabu vingi vina baraza la redio: siku maalumu, saa maalumu, masafa yaleyale. Msimamizi huita alama moja moja, na kila aliyepo hujibu kwa zamu. Kukiwa na msiba, katika baadhi ya vilabu msimamizi huiita alama ya marehemu mahali pake pa kawaida katika orodha, kisha huachia kitufe na kusubiri. Kinachosikika ni mikwaruzo ya radi za mbali na mlio hafifu wa kituo jirani, unaopanda na kushuka. Huita tena, akasubiri. Huita mara ya tatu, akasubiri kwa muda mrefu kuliko mwanzo, na hakuna anayethubutu kujaza nafasi ile. Ndipo hutangaza kwamba kituo hicho kimefunga, akapiga 73, salamu iliyorithiwa kwa wapiga simu za waya wa karne ya 19, kisha SK. Wasikilizaji wa redio za taifa Afrika Mashariki wamezoea matangazo ya vifo yanayotaja ukoo, watoto, mahali na saa ya maziko. Tanzia ya baraza la redio haina hayo yote, lakini humpa marehemu jambo ambalo tangazo haliwezi kumpa: zamu yake ya mwisho, pamoja na muda wake wa kujibu.

Baada ya mkono hubaki alama ya mwito, na mfano mashuhuri wa kuienzi uko Newington, katika jimbo la Connecticut, Marekani. Hiram Percy Maxim alikuwa mhandisi, mtoto wa yule Maxim aliyebuni bunduki ya rashasha ambayo majeshi ya wakoloni yaliielekeza kwa Waafrika. Mwaka 1914, akiwa Hartford, alitaka kupeleka ujumbe kwa redio hadi Springfield, umbali wa kilomita 40 hivi, asifaulu. Akakumbuka kwamba Windsor Locks, katikati ya miji hiyo, kulikuwa na mwanaredio mwingine, na huyo akaupokea ujumbe na kuusogeza mbele. Kutokana na kupokezana huko Maxim na kijana Clarence Tuska walianzisha chama cha wanaredio wa ridhaa kinachojulikana kwa herufi zake, ARRL, ambacho kipo hadi leo.

Maxim alifariki tarehe 17 Februari 1936. Mwezi uliofuata mafuriko ya mto Connecticut yaliharibu kituo cha redio cha chama hicho huko Hartford, hivyo wanachama wakapoteza mwasisi na kituo kwa mfululizo. Kituo kipya kilifunguliwa Newington mwaka 1938 kwa heshima yake, nacho kilipewa alama aliyoitumia mwenyewe, W1AW. Mtambo wake wa cheche, uliopewa jina la Old Betsy, umetunzwa katika makao makuu ya chama. Alama yake haikuwekwa kwenye kabati la vioo. Kwa zaidi ya miaka 80 imekuwa ikirusha mazoezi ya Morse kwa wanafunzi wasiojulikana idadi, kila somo likitangulizwa na alama ya mtu aliyekwisha kufa. Hiyo ndiyo kumbukumbu iliyo bora: ile inayofanya kazi.

Sheria za Marekani zinalielewa jambo hili. Alama ya marehemu haigawiwi mtu baki mpaka miaka 2 ipite, ila ndugu wa karibu, au klabu aliyokuwa mwanachama wake ikiwa na idhini, inaweza kuiomba mapema. Kwa njia hiyo binti hujibu hewani kwa alama ya baba yake, na klabu ndogo ya mtaa huita kwa alama ya mzee aliyewafundisha wote kuchomea waya. Walio mbali wakiisikia hushtuka, kisha hufurahi.

Heshima hii haichagui cheo, kwa kuwa hewani cheo hakivai kilemba. Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa JY1, akijibu mwito wa yeyote aliyemsikia, na alijitaja kwa jina lake tu. Alifariki tarehe 7 Februari 1999, na Desemba 2018 nchi yake ilirusha angani setilaiti ndogo, JY1-SAT, ili alama hiyo iendelee kusikika. Oman, ambako Kiswahili kingali kinazungumzwa katika nyumba nyingi kwa sababu ya undugu wa Unguja na Mombasa, ilimpoteza Sultan Qaboos tarehe 10 Januari 2020. Dunia ilimlilia mtawala. Wanaredio walimwandika pia kama A41AA, mwenzao.

Afrika Mashariki yenyewe ina alama zilizokufa pamoja na enzi zake. Wakati wa ukoloni vituo vya Zanzibar vilianza na VQ1, vya Tanganyika VQ3, vya Kenya VQ4 na vya Uganda VQ5. Baada ya uhuru Tanzania ikawa 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Walioshika zile za zamani wengi walikuwa watumishi wa serikali, wamisionari na walowezi, na karibu wote wamekwisha nyamaza. Ushahidi wao mkubwa ni kadi.

Kadi ya QSL ni kipande cha karatasi ngumu chenye ukubwa wa postikadi, ambacho vituo viwili hutumiana kuthibitisha kwamba vilisikilizana. Upande mmoja huwa na alama ya mwito kwa herufi kubwa, mara nyingi ikiwa na picha: mnazi, jahazi, twiga, mlima. Upande wa pili huwa na tarehe, saa ya Greenwich, masafa na tarakimu tatu za kupimia mlio. Ya kwanza hueleza mlio ulivyosomeka, ya pili nguvu yake, ya tatu usafi wake, na 599 ni sifa kamili. Chini kabisa, kwa wino uliofifia, huwa na sentensi moja au mbili za mkono: shukrani, habari ya mvua, salamu kwa mke wa mwenzake. Kadi moja yenye VQ1 huonyesha kwamba usiku fulani mtu aliketi Zanzibar, akapiga Morse, na mtu mwingine upande wa pili wa dunia akaielewa kila herufi. Huko Vienna, Austria, iko hazina inayotunza mamilioni ya kadi kama hizo, nyingi zikiwa zimeokolewa baada ya vifo vya wenyewe.

Lakini kwa kila kadi iliyookolewa zipo zilizochomwa. Mwenye kituo akizikwa, warithi hukuta chumba kilichojaa waya, redio nzito na masanduku ya karatasi, na hakuna aliyewahi kuwaeleza. Redio huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Kadi huwashia jiko. Daftari, ambalo kila mstari wake ni mazungumzo na mtu aliyetajwa kwa alama yake, hufungiwa maandazi. Lawama haiwaendei wafiwa peke yao. Klabu iliyomjua marehemu kwa miaka mingi, ikala naye na kucheka naye hewani, ilipaswa kufika na gari, kuomba ruhusa kwa adabu, kuyachambua yale masanduku na kuwaonyesha watoto kile baba yao alichokuwa akikifanya usiku wote ule.

Uzembe mwingine umeingia kwenye ufundi wenyewe. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka 2003 uliondoa sharti la kimataifa la kujua Morse kwa anayetaka leseni ya masafa mafupi, na nchi nyingi zikalifuta sheriani. Mlango ulifunguliwa kwa wengi, na hilo ni jema. Lakini kisicholazimishwa hakikufundishwa. Tangu mwaka 2017 mfumo wa FT8, kazi ya wanasayansi Joe Taylor na Steve Franke, umezifanya kompyuta mbili zibadilishane alama na vipimo kwa vipande vya sekunde 15, hata mlio ukiwa umezama chini ya kelele. Uhodari wake haukanushiki. Hata hivyo kituo cha namna hiyo hakina mkono. Hakikawii, hakirefushi mstari, hakiulizi habari za goti. Mwenyewe akifa, ni alama tu iliyotoweka kwenye kioo, na hakuna sikio litakalomtambua katika kumbukumbu. Mijini, chaja za bei rahisi na taa za kisasa zimeyajaza masafa kelele, kiasi kwamba hata anayetaka kusikiliza hawezi kumsikia aliye dhaifu.

Kuvienzi vipigio vilivyonyamaza kunadai mambo machache, na yote yamo ndani ya uwezo wa klabu ya mtaa wowote. Alama ya marehemu iandikwe pamoja na miaka yake ya hewani. Mikono ya wazee walio hai irekodiwe leo, wakipiga kwa mwendo wao wenyewe. Kila mwenye kituo aache waraka unaoeleza daftari na kadi ziende kwa nani. Alama ya mzee aliyefundisha wengine iombwe na klabu na itumike. Zaidi ya yote, kijana akalishwe mbele ya kipigio mpaka kiganja chake kizoee, kwa maana orodha ya marehemu huandikwa na walio hai. Katika vilabu vingi waandishi wake wamezeeka, na kila mwaka orodha hurefuka huku waitikiaji wakipungua barazani. Klabu isiyofundisha itawazika wakongwe wake kwa heshima zote, mmoja baada ya mmoja, na yule wa mwisho hatapata wa kuiita alama yake mara tatu.