Traiali ya baiskeli huanzia kwenye kusimama

Aprili 2009, fundi baiskeli kijana kutoka kisiwa cha Skye huko Uskoti, Danny MacAskill, alionekana kwenye video fupi iliyopigwa na Dave Sowerby katika mitaa ya Edinburgh. Humo anaendesha baiskeli juu ya uzio wa chuma wenye ncha kali. Mamilioni ya watu waliitazama, na wengi waliotaka kumwiga walianza na kuruka. Nadhani hapo ndipo anayeanza hujipotezea miezi. Juu ya uzio mwembamba kama ule usukani hauna nafasi ya kupinda, kwa hiyo kazi yote ya kutoanguka inafanywa na magoti, kiuno na mabega. Stadi hiyo haitokani na kuruka. Inajengwa baiskeli ikiwa imesimama.

Ndivyo mchezo wenyewe wa traiali ulivyozaliwa. Katika jimbo la Catalonia, Hispania, Pere Pi wa kiwanda cha pikipiki cha Montesa alimtengenezea mwanawe Ot baiskeli ya kufanyia yale yaliyofanywa kwa pikipiki za kupanda miamba, ila bila injini. Ot akaja kuwa bingwa wa dunia. Kanuni waliyoirithi kutoka kwenye pikipiki ni fupi: pita juu ya mawe, magogo au maboksi bila mguu kugusa chini. Kila mguso ulihesabiwa adhabu. Mchezo wenye kanuni hiyo humlipa anayejua kutulia, kwa sababu kati ya kikwazo kimoja na kingine lazima usimame juu ya pedali, utazame, upange.

Baiskeli inayokwenda haianguki kwa kuwa mpandaji huupindisha usukani kidogo kidogo upande inakoelemea, magurudumu yakarudi chini ya uzito wake. Ikisimama, mtu hudhani njia hiyo imefungwa. Haijafungwa. Pindisha gurudumu la mbele, kisha lisogeze sentimita chache mbele au nyuma: pale linapogusa ardhi panahama kando pia, na kuhama huko ndiko kunakokuokoa. Basi tafuta mahali penye mwinuko mdogo, uelekee juu. Simama juu ya pedali zikiwa zimelala sawa, ukitanguliza mguu ule unaoutanguliza bila kufikiri. Gurudumu la mbele lielekee upande wa mguu huo huo, lisije likagonga ncha ya kiatu. Ukikanyaga kidogo, baiskeli inapanda. Ukilegeza, mwinuko unairudisha wenyewe. Macho yatazame mbele mita kadhaa, si tairi.

Hilo likikaa mwilini, funga breki zote mbili na ubaki juu. Sasa magurudumu hayasogei kabisa, na wengi huanguka hapa kwa kuwa wamekakamaa. Goti la upande unaoinuka litoke nje, makalio yahame kidogo, viwiko vilegee. Hayo yasipotosha, ruka kidogo na magurudumu yote mawili, usogee sentimita tano, utulie tena. Kwa macho ya mpita njia hakuna kinachotokea, lakini kila kitu kitakachofuata kimeegemea hapo.

Breki nazo zinastahili heshima zaidi ya ile zinayopewa na wanaoanza. Zinashikwa kwa kidole kimoja tu, cha shahada, vingine vyote vikibaki kwenye usukani. Breki ya nyuma lazima ikamate bila kuteleza hata chembe, maana ukiwa umesimama juu ya gurudumu la nyuma peke yake, kuteleza kidogo kunakulaza chali. Ndiyo maana wapanda traiali wanaotumia breki za ringi hukwaruza ringi zao kwa mashine ya kusagia, na wengine hupaka lami kidogo ili zing'ate.

Sasa teke la pedali, mwendo unaobeba nusu ya mchezo huu. Baiskeli ya mashindano ya inchi 20 mara nyingi huwa na meno 18 mbele na 12 nyuma. Ukipiga hesabu, mzunguko mmoja wa pedali unaisukuma takribani mita 2.4, na robo mzunguko sentimita 60. Robo hiyo ndiyo teke lenyewe. Habari njema kwa mwenye baiskeli ya gia ya kawaida, hata ya mtumba: ikiwa na magurudumu ya inchi 26, meno 28 mbele na 24 nyuma yanakupa karibu umbali ule ule. Shusha kiti hadi mwisho na uanze nayo. Kitakachokusumbua baadaye ni friwili, ile sehemu inayolia unapoacha kukanyaga. Ya kawaida huacha pedali izunguke bure kidogo kabla ya kushika. Ya traiali yenye nukta 72 za kushikia hushika ndani ya nyuzi 5, na yenye nukta 108 ndani ya nyuzi 3.3. Katika mwendo wa robo mzunguko, pengo hilo ni kubwa.

Teke lina mpangilio ambao hauruhusu hatua kubadilishana nafasi. Breki imefungwa, mguu wa mbele uko juu kidogo ya usawa, mikono imenyooka, magoti yamekunjwa. Achia breki na ukanyage kwa pamoja. Gurudumu la mbele linainuka, nawe unanyoosha miguu kana kwamba unaruka kutoka kwenye ngazi, nyonga zikisogea kuelekea usukani. Tairi la nyuma likigusa chini, breki iwe tayari imefungwa. Anayevuta usukani kwa mikono hupata gurudumu la mbele lililo juu sana na la nyuma lililobaki palepale. Anayeachia breki mapema huviringika kabla ya nguvu kufika. Anayechelewa kuifunga hutua vizuri kisha akakimbia mbele bila kupenda. Mwombe mwenzio akupige video ya simu kutoka ubavuni na muitazame taratibu. Kosa litaonekana kwenye kidole cha breki mara nyingi kuliko kwenye mguu.

Vaa kofia ngumu na kinga za ugoko tangu siku ya kwanza, kwa sababu pedali zenye meno hazina huruma. Jizoeze pia kushuka kwa nyuma huku umeshika usukani. Baiskeli nyingi za mashindano hazina kiti kabisa, na faida mojawapo ni hii: njia ya kutokea iko wazi.

Mazoezi ya teke yaanze chini, kati ya mistari miwili ya chaki. Panua pengo polepole, kwa sababu umbali unafundisha kitu kile kile ambacho urefu wa kwenda juu unakifundisha, bila gharama ya kuanguka kutoka juu. Baadaye weka paleti ya mbao ya mizigo. Ya vipimo vya Ulaya ina kimo cha sentimita 14.4, na hiyo inatosha sana. Ya pili iongezwe juu yake pale tu tairi la nyuma linapotua kwenye ile ya kwanza na kubaki palepale lilipotua.