Kioo cha Upande Mmoja
Soft On Demand, kampuni ya Japani ya video za watu wazima, ina lori maarufu lenye kuta za vioo: aliye ndani anaona barabara, wapita njia hawamwoni. Wazo ni kali, tusidanganyane. Mwili si kivutio, na sehemu za siri zenyewe hufunikwa kwa sababu ya sheria ya huko. Kinachouzwa ni stori: eti mwanamke alikuwa anajipitia tu, akabembelezwa, akaingia.

Stori hiyo inaficha mkataba. Tangu 2022, sheria ya Japani inataka mwezi mzima upite kati ya mkataba na kurekodi. Ile "sasa hivi" ya lori ni maigizo. Anayesahau hilo anafunzwa kwamba "hapana" ni mwanzo wa kubembeleza.