Mchawi wa Adhuhuri

Maonyesho ya okestra yenye muziki wa ngano hutangazwa mara nyingi kuwa burudani ya watoto. Kwa "Mchawi wa Adhuhuri" wa Antonín Dvořák, alioutunga mwaka 1896 akifuata shairi la Karel Jaromír Erben, tangazo hilo lapotosha. Mama amechoshwa na kilio cha mwanawe, amtisha kwa kumwita mchawi. Naye mchawi aja kweli. Kwa hofu mama amkumbatia mtoto hata kumsonga pumzi. (Tafsiri ya Kiyunani ya Zaburi ya 91 nayo humtaja pepo wa adhuhuri.)

Twaisifu klarineti ya besi imwingizayo mchawi kwa sauti ya chini, pasipo makelele. Kengele ya saa sita yamfukuza mchawi, lakini haimrudishi mtoto. Ndipo baba aingia na sala kinywani, asijue lolote. Wapo wahubiri wawafundishao watoto kwa vitisho. Na wausikilize muziki huu. Kiongozi wa okestra aharakishaye kuingia kwa baba, ili aufikie upesi mshindo wa mwisho, atunyima sehemu iliyo nzito kuliko zote.