Foleni Iliyojificha: Jim Gettys Alivyoichunguza Wi-Fi ya Nyumbani Kwake

Mtandao wa nyumbani ukianza kusuasua, ushauri ni uleule karibu kila mahali: zima ruta uiwashe, isogeze, badili chaneli, na ikishindikana lipia kifurushi kikubwa zaidi. Baadhi ya hayo husaidia, na nitayagusa. Tatizo ni kwamba yote ni dawa inayotolewa kabla ya kipimo. Uchunguzi bora zaidi ninaoufahamu wa mtandao wa nyumba yenye kompyuta zaidi ya moja ulifanyika mwaka 2010 huko Massachusetts, Marekani, nyumbani kwa Jim Gettys. Vifaa alivyotumia mtu yeyote anaweza kuvipata bure. Kinachostahili kuigwa ni mpangilio wa hatua zake.

Gettys hakuwa mgeni wa fani. Ni mmoja wa watu walioanzisha X Window System pale MIT mwaka 1984, alishiriki kuhariri itifaki ya HTTP/1.1, na wakati huo alikuwa akifanya kazi Bell Labs. Hata hivyo mtandao wa nyumbani kwake ulizorota kama wa mtu mwingine yeyote. Alikuwa akinakili faili nyingi kutoka nyumbani kwenda kwenye kompyuta iliyoko MIT, akaona kila kitu kingine kimekuwa kizito. Akapiga ping. Safari ya kwenda na kurudi ambayo kwa kawaida huchukua milisekunde kama 10 ilikuwa ikichukua zaidi ya sekunde moja. Akisimamisha unakili, ucheleweshaji unatoweka. Akiuanzisha tena, unarudi.

Watu wengi hupima mtandao wakati hakuna anayeutumia: wanawafukuza watoto kwenye simu, wanafunga kila kitu, wanafungua ukurasa wa kupima kasi, kisha wanasoma namba nzuri na kuduwaa. Kasoro ya aina hii haionekani mtandao ukiwa mtupu. Inaonekana tu pale kompyuta moja inapofanya kazi nzito huku nyingine ikijaribu kufanya kazi nyepesi. Gettys alipima njia ikiwa imeelemewa, akaendesha pia programu ya SmokePing iliyochora grafu ya ucheleweshaji kwa saa nyingi mfululizo, kisha akanasa pakiti zenyewe kwa Wireshark na kuzikagua. Alichokiona humo kilimshtua: TCP, itifaki iliyokuwa ikisafirisha karibu kila faili kwenye intaneti, ilikuwa ikienda kwa namna ambayo haikukusudiwa kwenda.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1986 mawasiliano kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, umbali usiofika mita 400, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta ilikuwa ikituma bila kujali msongamano. Van Jacobson na Michael Karels wakachapisha dawa mwaka 1988: kompyuta inayotuma iongeze mwendo kidogo kidogo, na ikiona pakiti imepotea ipunguze. Intaneti nzima imesimama juu ya busara hiyo. Lakini busara hiyo ina sharti moja, kwamba njia ikijaa pakiti ipotee mapema, ili mtumaji apate habari kwa wakati.

Watengenezaji wa modemu na ruta waliliondoa sharti hilo pasipo kukusudia. Kumbukumbu za kielektroniki zilikuwa zimeshuka bei, na kupoteza pakiti kulionekana ni aibu, basi wakaweka bafa kubwa ili pakiti zisubiri humo badala ya kutupwa. Piga hesabu. Modemu yenye bafa ya kilobaiti 256, kwenye laini inayopakia megabiti 2 kwa sekunde, inahitaji zaidi kidogo ya sekunde moja kuimaliza foleni yake ikijaa. TCP haioni pakiti iliyopotea, kwa hiyo inaendelea kuongeza mwendo mpaka bafa ijae pomoni, na baada ya hapo inaishikilia ikiwa imejaa. Kila pakiti mpya, ya kompyuta yoyote ndani ya nyumba, inajipanga nyuma ya foleni ya sekunde nzima.

Ndiyo maana nyumba yote huumia kwa kosa la kifaa kimoja. Simu ya mama inapakia picha za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, na binti aliye kwenye kikao cha video anaganda. Aliyefungua ukurasa wa gazeti naye anasubiri, kwa sababu ukurasa mmoja unahitaji safari kadhaa za kwenda na kurudi kabla ya herufi ya kwanza kuonekana: kuuliza anwani ya tovuti, kufungua mawasiliano, kukubaliana usimbaji. Kila safari ikila sekunde, mtu atasema intaneti imekatika. Hata anayepakua tu hasalimiki. Kila anachopokea lazima akijibu kwa pakiti ndogo za uthibitisho, na pakiti hizo hupita kwenye foleni ileile ya kupakia. Jambo hili mafundi wengi hulisahau: wanatazama kasi ya kupakua iliyoandikwa kwenye mkataba, ilhali aliyeziba njia yuko upande wa pili.

Gettys hakujiridhisha kwa nyumba yake peke yake. Aliuliza wakongwe wa mtandao, akiwemo Jacobson mwenyewe, akapata pia vipimo vya Netalyzr, mradi wa watafiti wa Berkeley uliokuwa umekusanya vipimo 130,000 hivi kutoka kwa watumiaji wa sehemu mbalimbali za dunia. Bafa zilizopita kiasi zilijaa kote humo. Ugonjwa akaupa jina, bufferbloat.

Sehemu inayonivutia zaidi ilikuja baada ya hapo. Aliweka kikomo cha kasi kwenye ruta ya nyumbani, chini kidogo ya uwezo wa laini, ili foleni isijengeke kwenye modemu. Ucheleweshaji ukashuka. Kisha akaukuta umehamia kwingine: kati ya kompyuta yake mpakato na ruta, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mahali ambapo hakuna mtoa huduma wa kulaumiwa. Foleni haiondoki, hujikusanya kwenye sehemu nyembamba kuliko zote za njia, na ukiipanua sehemu hiyo, itahamia ile inayofuata kwa wembamba. Nyumba ikishavutiwa faiba ya kasi, sehemu nyembamba inayofuata mara nyingi ni Wi-Fi.

Linux wakati ule ilikuwa na mazoea ya kuruhusu pakiti 1,000 zisubiri kuingia kwenye kadi ya mtandao, mbali na zile zilizomo ndani ya kadi yenyewe. Pakiti 1,000 za baiti 1,500 ni megabiti 12. Kwenye Wi-Fi inayokwenda megabiti 300 hazina neno. Beba kompyuta hiyo mpaka chumba cha nyuma, kuta mbili za tofali zikikutenganisha na ruta, kasi ishuke hadi megabiti 6, na foleni ileile sasa ni sekunde 2. Hakuna kilichoharibika wala mpangilio uliobadilishwa. Umehama kiti tu.

Kuna pia ugonjwa wa pili, ambao ni wa Wi-Fi pekee. Kwenye chaneli moja kifaa kimoja tu huzungumza kwa wakati, vingine husikiliza. Sheria ya asili ya Wi-Fi hugawa zamu kwa usawa, lakini haijali zamu hiyo inachukua muda gani. Mwaka 2003 Martin Heusse na wenzake huko Grenoble, Ufaransa, walionyesha matokeo yake: kompyuta moja ya mbali inayokwenda megabiti 1 iliwaburuta wote waliokuwa wakienda megabiti 11 mpaka chini ya megabiti 1. Kwa namba za ruta ya kizamani kidogo, kompyuta moja ikiwa na megabiti 54 na nyingine megabiti 6, ukiacha gharama nyingine, ile ya mbali hula sehemu 9 kati ya 10 za muda wa hewani na kila moja huambulia megabiti 5.4. Aliyekaa ubavuni mwa ruta, mwenye mawimbi yaliyojaa, anapata kile anachopata wa uani.

Katika hili ninatofautiana na desturi. Watu wakiwa na kebo moja ya mtandao, huivuta hadi kwenye kompyuta iliyo karibu kwa kuwa ni rahisi. Ivute kwa ile ya mbali. Kila sekunde ya hewani unayomnyang'anya aliye taratibu inarudi kwa wengine wote. Kifaa cha kurefusha mawimbi kinachotumia chaneli ileile kupokea na kutuma ni faraja ya muda tu, maana kila pakiti inasemwa hewani mara mbili.

Dawa ya kweli ya foleni ilikuja mwaka 2012. Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, ambayo haihesabu ukubwa wa foleni; inapima muda ambao pakiti imesubiri. Subira ikizidi milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100 mfululizo, inaanza kutupa pakiti ili mtumaji apate habari. Toleo lililoungana na ugawaji wa mikondo, fq_codel, huupa kila mkondo foleni yake na kutanguliza ile myepesi. Ni ustaarabu uleule wa dukani: aliyefuata kiberiti hupishwa na mwenye mahitaji ya gunia. Dave Täht alibeba kazi hiyo kwa miaka kupitia ruta za majaribio za mradi wa CeroWrt, na mwaka 2017 yeye, Toke Høiland-Jørgensen wa Chuo Kikuu cha Karlstad na wenzao walionyesha namna ya kugawa muda wa hewani, badala ya zamu, ndani ya Linux. Tatizo la Grenoble likapata jibu baada ya miaka 14.

Sasa nyumbani kwako. Fungua madirisha mawili ya amri kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa Wi-Fi. Moja lipige ping kwenye anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, la pili kwenye 8.8.8.8, seva ya Google. Kwenye Windows ongeza -t ili ping isikome baada ya mara nne. Acha yote mawili yaende mtandao ukiwa umetulia, kisha uanzishe kwenye kompyuta nyingine upakiaji wa faili kubwa ya video.

Namba ya ruta ikibaki milisekunde chache huku ya nje ikipanda hadi mamia, foleni iko kwenye modemu au kwa mtoa huduma, na kuhamisha antena hakutasaidia kitu. Zote mbili zikipanda pamoja, tatizo liko hewani, ndani ya nyumba. Unganisha kebo urudie kipimo ili kuhakikisha. Namba ya ruta ikiwa mbaya hata kabla ya mzigo, basi ni mawimbi dhaifu au majirani. Hapo ndipo ule ushauri wa kawaida unapopata kazi: kwenye masafa ya gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, kwa kuwa zilizo katikati huingiliana na mbili kwa mpigo. Sogeza ruta mbali na oveni ya maikrowevu. Hamia gigahezi 5 ukiwa chumba kimoja na ruta, lakini usitarajie mawimbi hayo yapenye ukuta wa zege lenye nondo.

Yapo yanayofanana na haya lakini hayahusiani. Kompyuta yenye anwani inayoanza na 169.254 haijapewa anwani na ruta. Ikiwa 8.8.8.8 inajibu lakini tovuti hazifunguki, angalia seva ya majina (DNS), ile inayoulizwa anwani za tovuti. Kompyuta mbili zikipata intaneti bila kuonana zenyewe, tazama kama moja imeuweka mtandao wa nyumbani kuwa wa hadharani, au kama ruta imewashwa kipengele cha kuwatenga wageni.

Foleni ikithibitika, ruta inayokubali OpenWrt, programu huria ya ruta, huwekewa kipengele cha SQM cha kusimamia foleni, kisha unaweka kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, ya kupakia na ya kupakua. Unapoteza kasi kidogo kwa hiari, ili foleni ikae pale unapoitawala. Kwenye laini ya faiba hilo hufanyika mara moja na kusahaulika. Kwenye ruta ya 4G, ambayo nyumba nyingi huku kwetu zinaitegemea, kuna ugumu: kasi ya mnara hupanda na kushuka kila saa, na kikomo cha asubuhi hakifai jioni. Ipo programu ndogo ya cake-autorate inayobadili kikomo kwa kufuata ucheleweshaji unaopimwa, lakini inahitaji mtu mwenye subira ya kuirekebisha.

Kwa hiyo ukienda dukani kununua ruta mpya, usihesabu antena. Muulize muuzaji kama inakubali OpenWrt au ina SQM, na asipojua, tafuta modeli hiyo kwenye orodha ya OpenWrt kabla ya kutoa fedha.