Pongezi kwa Wahifadhi wa Nyaraka za Lafayette

Wako watu ambao, pasipo kutaka sifa, hutumia umri wao na mali yao kukusanya barua kuukuu, nao ni haki yao kushukuriwa. Miongoni mwa hazina walizotuokolea ni nyaraka walizoandikiana Wamarekani na jamaa ya Lafayette, jemadari Mfaransa aliyepigana pamoja na George Washington, akampenda hata akamwita mwanawe Georges Washington. Baba na mwana walipozuru Marekani mwaka 1824 na 1825, wakapokewa kwa taadhima katika majimbo yote 24 ya zama zile, mapenzi ya zamani yalihuika upya, na barua zikazidi kuvuka bahari kuelekea kasri yao ya La Grange.

Kazi ya mkusanyaji si ya pupa. Huinua karatasi mbele ya nuru atazame alama iliyofichika ndani yake, huchunguza mikunjo na mabaki ya lakiri, kwani wakati ule bahasha ilikuwa adimu na waraka wenyewe ulikunjwa ukaandikwa anwani mgongoni. Kisha hupambanua mwandiko wa bwana na wa karani wake, maana pengine sahihi peke yake ndiyo ya mwenyewe. Na aliye bora kupita wote ni yule asiyetenganisha barua na jibu lake, kwa kuwa mazungumzo ya watu wawili, ikiuzwa barua moja huku na ya pili kule, hubaki nusu ya maneno.